Jinsi ya kuunda programu ya uanagenzi, kuanzia orodha ya kazi hadi cheti

Programu nyingi za uanagenzi hufia mahali pamoja. Kijana anaingia karakanani, anapewa kazi moja, anaizoea, na kwa kuwa sasa anaiweza anaachwa hapo hapo. Mwaka unapita, wa pili unapita. Siku ya mtihani anakuta nusu ya kazi za fani yake hajawahi kuzigusa. Mara nyingi hakuna aliyekusudia kumdhulumu. Haikuwepo tu karatasi iliyosema akae pale wiki ngapi na akitoka aende wapi.

Kuunda programu, kwa sehemu kubwa, ni kuiandika karatasi hiyo na kuhakikisha kila mstari wake una vitu vitatu: kazi halisi inayofundishwa, mahali inapofanyika, na fundi mwenye muda wa kuifundisha. Mstari ukikosa kimoja kati ya hivyo hautatekelezwa, hata ukiwa umepigwa mhuri.

Mfano tutakaoutumia hapa ni wa fundi wa matengenezo ya mitambo anayefunzwa kwa miaka 3. Mwenye fani nyingine abadilishe majina na saa, utaratibu ni ule ule.

Hatua ya 1: Eleza fani kwa sentensi moja

Andika sentensi inayosema mhitimu ataweza kufanya nini bila kusimamiwa. Kwa mfano: "Anakagua, anatafuta hitilafu, anafungua, anatengeneza na kufunga upya mashine zinazozunguka, pampu na mifumo ya haidroliki, kwa usalama na kwa vipimo vya mtengenezaji." Sentensi hii ndiyo itakayokata ubishi baadaye, mtu akitaka kuongeza mada kwa sababu tu anaipenda.

Upana wake upime kwa swali moja: akitoka hapa, ataajiriwa kwingine kwa kazi hii? "Kuendesha mashine ya kufungasha namba 4" si fani. Ni kazi ya kufundishwa kwa wiki chache, na kuiita uanagenzi wa miaka 2 ni kumpotezea kijana umri wake.

Uutofautishe pia na mafunzo mafupi ya vitendo wanayopewa wanafunzi wa vyuo. Pendekezo namba 208 la Shirika la Kazi Duniani (ILO), lililopitishwa Juni 2023, linautambua uanagenzi kwa alama zake: upo mkataba, upo mpango wa mafunzo, mwanagenzi analipwa au anafidiwa kifedha, anajifunza kazini na nje ya kazi, na mwisho anapata sifa inayotambulika. Programu yako ikikosa mojawapo, ama iongeze ama uipe jina lake la haki.

Hatua ya 2: Chora chati ya kazi, tena uichore na wanaoifanya

Usianze na mtaala wa chuo. Mtaala hupangwa kwa masomo, karakanani mambo hupangwa kwa kazi. Njia iliyozoeleka zaidi ni ile inayoitwa DACUM. Unawakusanya mafundi hodari 5 hadi 12 wanaoifanya kazi hiyo sasa, unawaweka chumba kimoja kwa siku 2 hivi, pamoja na mwendeshaji ambaye si lazima aijue fani, ila ajue kuuliza. Kila jibu linaandikwa kwenye kadi na kubandikwa ukutani mbele ya wote. Kwanza wanataja majukumu makuu, ambayo kwa kawaida huwa 6 hadi 12. Kisha kila jukumu linavunjwa kuwa kazi ndogo, na fani kamili hutoa jumla ya kazi 75 hadi 125 hivi.

Kadi iandikwe kwa kitenzi na kitu kinachotendwa. "Kuelewa beringi" si kazi, kwa sababu hakuna anayeweza kuisimamia akaona imeanza na imekwisha. "Kubadilisha beringi ya pampu" ni kazi: ina mwanzo, ina mwisho, na inaacha kitu cha kukagua.

Wakubwa wasikae chumbani. Msimamizi akiwepo mafundi watasema kazi inavyotakiwa kufanyika, wala hawatasema inavyofanyika. Zile mbinu za kweli, na zile njia za mkato ambazo mwanagenzi atafundishwa kimya kimya wiki ya kwanza, hazitatajwa. Wakubwa waletewe chati ikiisha, waipitie na kuuliza maswali.

Chati ikikamilika, kila kazi ipewe alama tatu, kuanzia 1 hadi 3: inafanyika mara ngapi, ikikosewa madhara yake ni makubwa kiasi gani, na ni ngumu kiasi gani kujifunza. Zichunguze kwa makini zaidi zile zinazofanyika mara chache lakini zikikosewa zinaua au zinagharimu: kuingia ndani ya tangi, kufungua bomba lenye presha, kunyanyua mzigo mzito kwa kreni. Kazi hizi hazitatokea zenyewe mwanagenzi akiwepo. Zisipopangiwa siku yake, atahitimu bila kuzifanya hata mara moja, na atazikuta akiwa peke yake.

Hatua ya 3: Geuza chati kuwa saa

Muda wa mafunzo mara nyingi hurithiwa tu. Sheria ya mafundi ya Uingereza ya mwaka 1563 ililazimisha uanagenzi wa miaka isiyopungua 7, fani iwe nyepesi au nzito, na kifungu hicho kilifutwa mwaka 1814. Leo Ujerumani fani nyingi huchukua miaka 2 hadi 3 na nusu. Nchini Marekani programu iliyosajiliwa kwa kigezo cha muda haiwezi kuwa chini ya saa 2,000 za kazini, na kanuni zao zinapendekeza saa zisizopungua 144 za nadharia kwa mwaka. Wewe ufikie muda wako kwa hesabu.

Toa likizo na sikukuu kwanza. Wiki 52 ukiondoa 6 zinabaki 46, na kwa wiki ya saa 40 ni saa 1,840 kwa mwaka. Siku moja kwa wiki iwe ya darasa: saa 368. Zinabaki saa 1,472 za kazini kila mwaka, yaani 4,416 kwa miaka 3. Hizo ndizo zako zote. Sasa zigawe kwa majukumu:

Usalama, vifaa vya mkono na upimaji: saa 400
Kazi za benchi na mashine za karakana: saa 700
Beringi, shafti, ulinganishaji, mikanda na minyororo: saa 900
Pampu, vali na mabomba: saa 736
Haidroliki na mifumo ya hewa: saa 600
Kuchomelea na kukata: saa 350
Matengenezo kinga na kutafuta hitilafu: saa 500
Akiba: saa 230

Akiba ni zaidi kidogo ya asilimia 5, na usikubali iliwe na mtu. Atakayeugua ataihitaji, na atakayechelewa kwenye haidroliki ataihitaji pia. Programu isiyo na akiba humlazimisha fundi kusaini kazi ambayo kijana hajaiweza, kwa kuwa ratiba inamsukuma mbele.

Amua pia saa hizi zina maana gani. Ziko programu zinazohesabu muda tu, ziko zinazopima uwezo tu, na ziko zinazochanganya. Mchanganyiko ndio unaofaa fani nyingi: saa zinahakikisha kijana amepita kila mahali, na kipimo cha uwezo kinahakikisha hakupita tu. Anayeziweza kazi zote za jukumu mapema asishikiliwe pale, asogezwe.

Hatua ya 4: Tafuta mahali penye nafasi finyu

Chora jedwali. Kushoto weka kazi zote za kwenye chati, juu weka sehemu zako za kazi: karakana ya pampu, matengenezo ya kwenye laini ya uzalishaji, stoo, chumba cha haidroliki. Weka alama kila kazi inapofanyika kweli, angalau mara tatu kwa mwaka. Mstari utakaobaki mtupu ni kazi usiyoweza kuifundisha kwako.

Mistari mitupu haiepukiki, hasa katika kampuni ndogo. Inatibiwa kwa njia tatu: kumpeleka mwanagenzi kwa mwajiri mwingine kwa wiki kadhaa, kuifundishia kazi hiyo kwenye karakana ya chuo, au kuiigiza kwa mtambo wa zamani uliotengwa kwa mafunzo. Waajiri wadogo watatu au wanne wakiungana na kubadilishana wanagenzi, chati hujaa bila gharama kubwa. Ila mwajiri mmoja abaki ndiye mwenye mkataba, la sivyo siku ya ajali kila mmoja atamnyooshea mwenzake kidole.

Kisha piga hesabu ya nafasi. Tuseme karakana ya pampu inaweza kuwalea wanagenzi 2 tu kwa wakati mmoja. Saa 736 kwa siku 4 za kazi kwa wiki (saa 32) ni wiki 23. Mwaka wa wiki 46 unatoa awamu 2, kwa hiyo karakana ile inapitisha watu 4 kwa mwaka. Hata ukihitaji mafundi 10, ukiandikisha zaidi ya wanagenzi 4 kwa mwaka unatengeneza foleni, na foleni ya wanagenzi haionekani kama foleni: inaonekana kama vijana wanaofagia, wanaobeba vyuma na kutumwa stoo. Ukitaka idadi kubwa, panua kwanza mahali penye ufinyu.

Ratiba ya mzunguko iandikwe kwa majina na tarehe, miezi 12 mbele, na ibandikwe ukutani. Msimamizi wa sehemu asiwe na mamlaka ya kumzuia mwanagenzi wiki yake ikiisha. Ombi la "niachieni huyu, ndiyo kwanza ameanza kunifaa" litakuja, tena litatoka kwa mtu mwema mwenye kazi nyingi. Jibu lake liwe limeandikwa tangu mwanzo: kuongeza zaidi ya wiki 2 kunaidhinishwa na mratibu wa programu peke yake, na wiki hizo zinatoka kwenye akiba.

Hatua ya 5: Mpe fundi mlezi muda, siyo cheo tu

Fundi mlezi ndiye anayekaa na mwanagenzi kila siku. Fundi hodari kuliko wote si lazima awe mlezi bora. Chagua anayeweza kueleza anachokifanya, asiyefichaficha ujuzi, na anayeheshimika kwa kufuata taratibu za usalama, kwa sababu kijana ataiga anachokiona kabla ya anachoambiwa. Kwenye kazi za hatari weka mwanagenzi 1 kwa fundi 1. Kwenye kazi za kawaida wasizidi 2.

Hapa ndipo pesa huvuja bila kuandikwa popote. Miezi 3 ya mwanzo ya kufanya kazi na mwanagenzi, fundi hutumia kama saa 2 kwa siku kuonyesha, kusubiri na kurekebisha. Wiki 12, siku 4 kwa wiki, ni saa 96 kwa kila mwanagenzi. Malengo yake ya uzalishaji yasipopunguzwa kwa saa hizo, atachagua kati ya kufundisha na kulinda jina lake kazini, na hatuwezi kumlaumu akichagua jina lake. Andika punguzo hilo kwenye mpango wa kazi wa idara, siyo kwenye hotuba ya uzinduzi. Posho ya ulezi ni jambo jema, lakini haiwezi kuchukua nafasi ya muda.

Mpe pia mafunzo ya siku 2 au 3 ya namna ya kufundisha kabla wanagenzi hawajafika. Na mlezi awe na wa kumshikia nafasi: akienda likizo, mwanagenzi asigeuke yatima wa karakana.

Hatua ya 6: Andika karatasi ya kazi kwa kila kazi yenye alama za juu

Huhitaji karatasi 100. Anza na 25 au 30, zile zilizopata alama 3 kwa ugumu au kwa madhara. Karatasi ina safu tatu: hatua, jambo la kushika, na sababu. Safu ya tatu ndiyo ambayo mafundi wazoefu huiruka, kwa kuwa wao sababu wameshaisahau na mikono ndiyo inayokumbuka.

Chukua kubadilisha beringi ya gololi kwenye shafti.

Hatua ya kwanza ni kuzima, kufunga swichi kwa kufuli lake mwenyewe, kuweka lebo na kujaribu kuwasha. Jambo la kushika: kila mtu afunge kufuli lake. Sababu: kufuli la mwenzako hulifungua mwenzako, wewe mikono ingali ndani.

Kutoa beringi ya zamani: vidole vya pula (kifaa cha kuvutia beringi) vishike pete ya ndani, ile iliyobana shafti. Kisha safisha, na upime shafti kwa maikromita mahali pasipopungua 3. Sababu: shafti iliyolika huiacha pete ya ndani izunguke juu yake, na beringi mpya itakufa kama ile ya zamani, kosa likabandikwa kwa mtengenezaji wa beringi.

Beringi mpya ibaki kwenye pakiti yake mpaka dakika ya mwisho, kwa ajili ya vumbi. Ipashwe kwa hita ya beringi hadi nyuzi joto 110 za Selsiasi hivi. Isizidi 125, maana chuma chake kinaweza kubadilika ugumu na vipimo. Yenye sili na grisi ndani isivuke 80. Moto wa wazi ni marufuku.

Isukume kwa mkupuo mmoja mpaka iguse bega la shafti, na uishikilie hapo hadi ikamate. Sababu: ikipoa hujikunyata hata kwa upana, ikaacha mwanya kati yake na bega. Ikibidi kuipigilia ikiwa baridi, tumia bomba linalokaa juu ya pete ya ndani peke yake. Ukiipiga pete ya nje, nguvu inapita kwenye gololi na kuacha vishimo kwenye njia zake. Beringi hiyo itavuma tangu siku ya kwanza, na hakuna grisi itakayoinyamazisha.

Hayo yote yanakaa kwenye ukurasa mmoja, na picha mbili. Fundi mlezi anaufundisha kwa hatua nne ambazo serikali ya Marekani ilizisambaza kwa wasimamizi wa viwanda wakati wa Vita Kuu ya Pili ya Dunia: mwandae mwanafunzi, mwonyeshe, mwache ajaribu, mfuatilie. Kuonyesha kufanywe mara tatu. Mara ya kwanza taja hatua kuu tu. Mara ya pili ongeza mambo ya kushika. Mara ya tatu ongeza sababu. Kisha kijana afanye, na akifika mara ya pili aanze kueleza kwa mdomo wake anachofanya na kwa nini. Anayefanya sawasawa bila kuweza kueleza sababu amekariri tu, na mashine ya aina nyingine itamuumbua.

Hatua ya 7: Funga darasa na karakana pamoja

Nadharia ije wiki 2 hadi 4 kabla ya kazi inayoihusu. Ikija mwaka mmoja kabla, imesahaulika. Ikija baada, kijana ameshajifunza njia yake na hataki kubadilika. Mpe mwalimu wa chuo ratiba yako ya mzunguko, ukae naye kwa saa kadhaa, mpangane mada kwa wiki. Kama wanagenzi wamegawanyika sehemu mbalimbali, haitawezekana wote wapate mada kwa wakati unaofaa. Hapo chagua mada ngumu zaidi, labda tano au sita, uzipangie hizo, na nyingine ziende kwa mfuatano wa kawaida.

Siku moja kwa wiki inafaa chuo kikiwa karibu, kwa sababu swali la Jumatatu karakanani linajibiwa Ijumaa darasani. Chuo kikiwa mbali, vipindi vya wiki kadhaa mfululizo ni afadhali. Ujerumani hutumia vyote viwili: siku 1 au 2 kwa wiki shuleni, au vipindi vya mfululizo. Ubaya wa vipindi vya mfululizo ni kwamba idara hujisahau, na kijana akirudi anakuta nafasi yake imejazwa. Mratibu apige simu wiki moja kabla.

Hesabu ya darasani ifundishwe kwa vipimo vya karakana. Asilimia za darasani ziwe asilimia za mchanganyiko wa mafuta, na pembe ziwe pembe za kulinganisha shafti.

Hatua ya 8: Mkataba na ngazi ya malipo

Mkataba uandikwe kwa lugha anayoielewa kijana na mzazi wake. Uwe na fani, tarehe ya kuanza na kumaliza, saa za kazi, siku za darasa na kwamba zinalipwa, ngazi ya malipo, likizo, bima ya ajali, nani anatoa vifaa vya kujikinga na zana, kipindi cha majaribio, namna ya kusuluhisha migogoro, namna ya kuuvunja, na cheti kitakachotolewa. Mpango wa saa na chati ya kazi viambatanishwe kama sehemu ya mkataba. Kiambatisho hicho ndicho kinachompa mwanagenzi haki ya kusema: "Haidroliki bado sijapelekwa."

Kipindi cha majaribio kisiwe kirefu. Ujerumani sheria yao inataka kisipungue mwezi 1 wala kisizidi miezi 4, na kiasi hicho kinatosha pande zote mbili kuonana. Dhamana ya pesa, au kushikilia vyeti vya kijana ili asiondoke, visiwepo. Anayebaki kwa kufungwa atabaki bila moyo.

Malipo yapande kwa ngazi. Mfano wa miaka 3 wenye ngazi 6 za nusu mwaka: asilimia 45, 50, 60, 65, 75 na 85 ya mshahara wa fundi aliyehitimu. Kupanda ngazi kutegemee kazi zilizosainiwa, siyo kalenda peke yake. Lakini mwanagenzi akichelewa kwa sababu kampuni haikumpeleka panapostahili, apandishwe, maana kosa si lake.

Kwa walio chini ya miaka 18, soma sheria ya nchi kabla ya kupanga kazi za hatari. Mikataba namba 138 na 182 ya ILO ndiyo msingi wa sheria nyingi kuhusu umri na kazi za hatari, na kwa vijana hao baadhi ya kazi za kwenye chati italazimu zisogezwe mwaka wa mwisho. Mzazi au mlezi asaini pia.

Hatua ya 9: Wachague kwa kazi, wajengee msingi

Usijaze masharti ya vyeti kuliko kazi inavyodai. Jaribio la nusu siku linaeleza mengi kuliko mahojiano: mpe mchoro rahisi, rula, msumeno na tupa, mwambie atengeneze kipande, kisha mwambie akupimie alichotengeneza. Unaangalia anavyosoma maelekezo, anavyouliza, na kama anakubali kipimo kinapomwambia amekosea. Hilo la mwisho ndilo zito zaidi.

Wiki 10 hadi 12 za kwanza wakae karakana ya mafunzo, mbali na presha ya uzalishaji. Hapo wanajifunza usalama, vifaa vya mkono na kupima. Kampuni inayowatupa kwenye laini siku ya kwanza huwapata wakiwa na hofu, na mwenye hofu haulizi.

Hatua ya 10: Daftari na upimaji

Kila kazi ya kwenye chati iwe na ukurasa au mstari kwenye daftari la mwanagenzi, na viwango 4: ameona, amefanya akisaidiwa, amefanya mwenyewe akitazamwa, anaaminiwa kufanya peke yake. Kiwango cha 4 kisainiwe baada ya kufanya vizuri mara 3 kwa siku tofauti, na pale inapowezekana kwenye mashine tofauti. Saini iambatane na tarehe na namba ya mashine au ya hati ya kazi.

Namba hiyo ina kazi yake. Ugonjwa mkubwa wa madaftari ni kusainiwa kwa mkupuo mwisho wa mwezi, kalamu moja, wino mmoja, mistari 20. Fundi akilazimika kuandika namba ya hati ya kazi, mratibu anaweza kuchukua mistari 3 bila kuchagua na kuilinganisha na kumbukumbu za matengenezo. Afanye hivyo kila mwezi, na wote wajue anafanya.

Kila miezi 6 mwanagenzi, mlezi na mratibu wakae nusu saa na daftari mezani. Waulizane mambo matatu: nini kimesainiwa, nini kimekwama, nini kinafuata. Mwanagenzi aanze kuongea yeye. Mlezi akianza, kijana ataitikia tu "ndiyo, mkuu" mpaka kikao kiishe.

Mtihani wa katikati ufanyike mwishoni mwa mwezi wa 18, wakati bado kuna muda wa kurekebisha. Mtihani wa mwisho uwe wa kazi halisi, saa 6 hadi 8: mtambo wenye hitilafu iliyopandwa, afungue, atafute, apime, atengeneze, afunge, awashe, na aandike ripoti ya ukurasa mmoja. Mtathmini asiwe mlezi wake. Alama za usalama zisifidiwe na alama nyingine: aliyesahau kufuli amefeli siku hiyo, hata kama mtambo unaunguruma vizuri, na anarudia baada ya mafunzo.

Hatua ya 11: Anza na wachache, kisha kagua

Kabla ya kufungua milango, unda kamati ndogo ya watu 5 hadi 7: mwajiri, mafundi wawili, mwakilishi wa wafanyakazi, mwalimu wa chuo, na mwanagenzi mmoja wanapokwisha kuwepo. Ikutane kila robo mwaka. Kundi la kwanza lisizidi nusu ya nafasi uliyoipata kwenye hesabu ya hatua ya 4. Makosa yatakuwepo, na ni rahisi kuyarekebisha kwa watu 2 kuliko kwa 4.

Kwenye kila kikao kamati iangalie namba chache: wangapi wameacha na mwezi wa ngapi, kazi zipi zimebaki bila saini kwa zaidi ya nusu ya kundi, na wiki ngapi mzunguko ulikiukwa, katika sehemu ipi. Wanaoacha mwezi wa 1 hadi wa 3 kwa kawaida walikosea fani au walichaguliwa vibaya. Wanaoacha mwaka wa pili mara nyingi wamechoka kurudia kazi ile ile, au malipo hayapandi. Waulize wote wanaoondoka, na aulize mtu ambaye si msimamizi wao.

Chati ya kazi ipitiwe upya kila miaka 3, au mapema zaidi mitambo ikibadilika. Waite tena mafundi, wawemo na wahitimu wako wa kwanza, muwaulize ni kazi gani waliyokutana nayo baada ya cheti ambayo hawakufundishwa. Kila watakayoitaja itafutiwe mahali, saa na fundi kabla kundi linalofuata halijasaini mkataba.